Mpaka wa Gatuna ulifunguliwa, dada yangu hakuinuka kitandani

TAREHE 31 Januari 2022 mpaka wa Gatuna ulifunguliwa tena, baada ya kufungwa tangu mwishoni mwa Februari 2019. Mwanzoni walipita madereva wa malori. Machi mwaka huo huo, vizuizi vya Covid vilipolegezwa, wasafiri wa kawaida nao wakaruhusiwa kuvuka. Wanaofanya biashara ndogo ndogo katika barabara ya Kigali kwenda Kabale wanazikumbuka siku zile: simu zilivyopigwa, mikopo ilivyotafutwa upya, akina mama walivyotoa mifuko yao ya mizigo juu ya kabati.

Nami nilipiga simu Byumba kwa dada yangu mkubwa. Kabla ya 2019 alikuwa akivuka mara tatu kwa wiki. Alipeleka viazi, akarudi na sabuni, sukari na unga wa mahindi, na biashara hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne. Mpaka ulipofungwa alikonda, akanyamaza, akaacha hata kwenda kanisani. Sisi ndugu zake tulikuwa na jibu moja tu: ni mpaka, ukifunguliwa atakuwa sawa.

"Dada, mpaka umefunguliwa," nilimwambia.

"Nimesikia, mdogo wangu," akajibu, akakata simu.

Wiki mbili baadaye binti yake wa kwanza akanipigia. "Mjomba, mama haamki. Mtaji tumeshampatia, bado analala tu. Anasema tumwache."

Siku ile ndipo nilipolielewa vizuri jambo ambalo nilipaswa kulielewa mapema, maana mimi mwenyewe lilikuwa limenipata miaka sita kabla. Shida ni kitu kimoja na ugonjwa ni kitu kingine. Shida inaweza kuufungulia ugonjwa mlango, lakini shida ikishaondoka si lazima ugonjwa uifuate. Dada yangu alifungiwa mpaka, hilo lilikuwa shida. Mpaka ulipofunguliwa akashindwa kuinuka, na hilo lilikuwa ugonjwa. Ugonjwa huo una jina, una dalili na una tiba.

Takwimu zinasemaje

Mwaka 2018 taasisi ya taifa ya afya, RBC, iliendesha uchunguzi mkubwa wa afya ya akili nchini Rwanda. Waliohojiwa walikuwa zaidi ya 19,000, wenye umri wa miaka 14 hadi 65, na manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walichunguzwa pia peke yao kama kundi.

Matokeo yalikuwa haya. Katika watu wote kwa jumla, asilimia 20.5 walikuwa na tatizo moja au zaidi la afya ya akili. Asilimia 12 walikuwa na sonona kali, na asilimia 8.1 walikuwa na ugonjwa wa hofu inayomshukia mtu ghafla. Kwa manusura hali ilikuwa nzito zaidi: asilimia 52.2 walikuwa na tatizo la aina fulani, na asilimia 35 walikuwa na sonona.

Wengi wakisoma hapo husimamia kwenye ile 35. Husema: hili ni jambo la manusura, ni jambo la Aprili, serikali na mashirika yao yanalishughulikia. Sina nia hata kidogo ya kulinganisha mizigo. Waliobeba mzito kuliko wote tunawajua. Lakini naomba tuirudie ile asilimia 12. Chukua basi dogo la abiria 29 linalotoka Nyabugogo kwenda Gatuna. Asilimia 12 ya abiria hao ni watu watatu au wanne. Wamekaa na mizigo yao miguuni, wanajibu salamu, wanalipa nauli, na wanaugua.

Kuna takwimu nyingine katika uchunguzi huo ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili mjadala. Asilimia 61.7 ya wananchi walisema wanafahamu kwamba huduma za afya ya akili zipo. Waliowahi kuzitumia walikuwa asilimia 5.3. Kwa maneno mengine, mlango upo, watu wanaujua ulipo, na hawaingii.

Kwa nini? Majibu ya kawaida ni umaskini, umbali na aibu. Yote ni ya kweli. Lakini kwa makundi mawili ninayoyafahamu kwa karibu, yaani sisi tuliorudi kutoka ukimbizini na ndugu zetu wanaoishi kwa kuvuka mipaka, ipo sababu nyingine: hatujihesabu kuwa wagonjwa. Aliyerudi anaona hana haki ya kuugua. Mfanyabiashara anaona hana nafasi.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane maneno. Sonona, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa agahinda gakabije, si huzuni ya kawaida. Kufiwa, kufilisika, kuachwa, mtoto kufeli mtihani, yote hayo huhuzunisha, na mwenye huzuni hahitaji hospitali, anahitaji watu na muda. Wataalamu huanza kuzungumzia sonona pale ambapo mtu, kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ana huzuni isiyompa nafasi au amepoteza hamu ya mambo yote aliyokuwa akiyapenda. Pamoja na hayo hulala kidogo mno au kupita kiasi, hamu ya chakula hubadilika, nguvu humwisha bila kazi, akili haitulii kwenye jambo moja, hujiona hana thamani au ana hatia, na wakati mwingine huwaza kufa. Hana dalili zote kwa pamoja lazima, lakini huwa nazo kadhaa, na zinamzuia kuishi na kufanya kazi kama zamani.

Ndugu wa karibu wa sonona ni magonjwa ya wasiwasi. Kila mtu hupata wasiwasi. Mfanyabiashara asiye na wasiwasi kidogo atafilisika. Lakini wapo ambao wasiwasi wao hauna breki. Unaamka nao, unalala nao, unahama kutoka jambo moja kwenda jingine: leo ni deni, kesho ni mtoto, keshokutwa ni kitu ambacho hata hukijui. Wengine hushikwa ghafla. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, pumzi inakata, mikono inakufa ganzi, mtu anaamini anakufa dakika hiyo hiyo. Baada ya muda mfupi kinapita, na anabaki akiogopa kitakavyorudi.

Hapa ndipo wengi tunapopotea njia, kwa sababu magonjwa haya hujitokeza mwilini. Watu wetu hawaendi kwa daktari wakasema nina sonona. Wanasema nina presha. Nina vidonda vya tumbo. Kichwa kinaniuma tangu Pasaka. Mgongo unawaka moto. Wanapimwa, hakionekani kitu, wanapewa dawa ya tumbo, wanarudi nyumbani. Mwezi ujao wanakwenda kliniki nyingine.

Tusidhani kuwa ni sisi peke yetu duniani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanaougua sonona ni zaidi ya watu milioni 280, na wenye magonjwa ya wasiwasi ni zaidi ya milioni 300. Wala si ugonjwa wa watu dhaifu. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa hapa Kigali mwaka 1994, alirudi kwao akaugua kiasi cha kuacha jeshi kwa sababu ya afya mwaka 2000, na mwaka huo huo alikutwa hoi katika bustani ya umma huko Hull, Quebec. Yeye mwenyewe ameyaeleza hayo hadharani, akatibiwa, akaendelea kufanya kazi kwa miaka mingi.

"Mimi sikuwepo"

Mimi nilizaliwa Karagwe, mkoani Kagera, katika familia ya wakimbizi walioondoka Rwanda baada ya 1959. Nilisoma huko shule ya msingi na sekondari, kwa Kiswahili cha darasani na cha uwanjani. Baba alinifundisha majina ya shangazi zangu watano niliowajua kwa majina tu: nani alikuwa mcheshi, nani alipika vizuri, nani alifanana nami. Mwaka 1997 nilipomaliza kidato cha nne tulirudi. Katika shangazi watano sikumkuta hata mmoja.

Mtu analiaje watu ambao hakuwahi kuwaona? Hilo ndilo swali ambalo wengi wa waliorudi wamelibeba kimya kimya. Kila Aprili tulikaa kwenye maombolezo karibu na majirani walioyaona kwa macho yao, tukajiambia: wenye haki ya kulia ni hawa. Sisi tulikuwa salama, tulikuwa tunasoma. Na waliorudi baadaye wana yao. Waliovuka Rusumo Desemba 1996 kwa makundi, waliorudi kutoka misitu ya Kongo, waliofukuzwa Tanzania mwaka 2013 wakafikia kambi ya Kiyanzi huko Kirehe wakiwa wameacha ng'ombe na mashamba, kila mmoja ana sababu yake ya kusema "afadhali mimi kuliko fulani".

Kusema "afadhali" ni adabu njema, lakini hakumtibu mtu.

Mwaka 2016, nikiwa na miaka 38, nilianza kuamka saa tisa usiku moyo ukinidunda. Sikuwa na shida ya kuitaja: nilikuwa na kazi, mke, watoto na nyumba ya kupanga iliyolipiwa. Siku moja nikiwa ubaoni nilishika meza nisianguke, wanafunzi wakadhani natafuta chaki. Nilikwenda kliniki mbili za mjini. Nilipimwa umeme wa moyo, damu, sukari, presha, yote safi. Katika moja nilipewa dawa za tumbo, katika nyingine nikaambiwa nipunguze chumvi. Mshahara wa mwezi mzima uliishia huko. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia niongeze sala. Niliongeza, na nilikuwa nazisali saa tisa zile zile za usiku.

Mwishowe nilikwenda kituo cha afya cha karibu na nyumbani, kwa mituweli, kutafuta rufaa ya daktari wa moyo. Muuguzi aliyenipokea alisoma karatasi zangu zote, akaziweka pembeni, akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Ninalalaje? Ni kitu gani kilinifurahisha wiki hii? Nimewahi kutamani nisiamke? Nikaona anakoelekea, nikamkatiza.

"Dada, mimi si mtu wa ihahamuka. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Tanzania."

Alinitazama, akasema kwa upole: "Mwalimu, sikukuuliza ulikuwa wapi. Nimekuuliza unalalaje."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Ugonjwa hauulizi mtu alikuwa wapi mwaka 1994. Hauna orodha ya wanaostahili. Unaweza kuanzia kwenye msiba, kwenye deni, kwenye uzazi, kwenye pombe, kwenye damu ya ukoo, kwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, au usionyeshe ulikoanzia. Kumtaka mgonjwa aonyeshe cheti cha mateso kabla ya kutibiwa ni sawa na kumtaka mwenye malaria amtaje mbu aliyemuuma.

Na tusisahau kwamba miongoni mwa waliojenga tiba hii nchini walikuwemo ambao nao hawakuwepo. Hayati Dk. Naasson Munyandamutsa alikuwa Geneva, Uswisi, akisomea udaktari wa akili, mauaji yalipotokea na kuangamiza ndugu zake. Alirudi, na kwa muda alikuwa daktari bingwa wa akili pekee katika nchi iliyojaa majeraha. Alifariki mwaka 2016. Hakusema "sikuwepo" akabaki alikokuwa.

"Biashara hainingoji"

Kundi la pili ni wavukaji wa mipaka. Hawa wana ugonjwa wa kazi ambao haujaandikwa popote: kutojua kesho. Gatuna ilifungwa karibu miaka mitatu. Machi 2020 Covid ikafunga mipaka yote kwa wasafiri wa kawaida, na wale waliokuwa wakivuka kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma wakabaki nyumbani na mabeseni yao. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Januari 2025 vita vikaingia Goma mjini. Mtu ambaye mtaji wake wote uko kwenye beseni la nyanya hawezi kusikiliza redio kama mtu mwingine. Kila taarifa ya habari kwake ni hesabu.

Mtu huyu akianza kuugua hana siku ya kwenda kupanga foleni. Siku ya kliniki ndiyo siku ya soko. Analofanya ni kujitibu. Wanaume wengi huenda kwenye chupa, na Kinyarwanda kina methali isemayo machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Wengine hununua vidonge vya usingizi dukani bila karatasi ya daktari, hasa diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Hapa niseme wazi. Diazepamu ina kazi yake hospitalini na kwa muda mfupi, lakini mtu akiizoea kila usiku mwili huidai, dozi hupanda, na kuiacha ghafla kuna hatari. Haitibu sonona. Pombe nayo humlaza mtu saa za mwanzo na kumwamsha alfajiri akiwa na wasiwasi mara mbili ya ule wa jana.

Halafu kuna jina la Ndera. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, inayoendeshwa na Mabruda wa Upendo, ilifunguliwa mwaka 1972 na imewatibu watu wengi mno. Lakini mitaani Kigali "nenda Ndera" limebaki kuwa tusi. Mama anayeuza sokoni anaogopa kwamba akionekana kwenye foleni hiyo, kesho wateja watahamia meza ya jirani na kikundi cha akiba kitamnyima mkopo. Hofu hiyo si ya kijinga. Inatokana na tunavyoongea sisi sote.

Tiba ipo, na si ya matajiri

Wapo watakaosema: mwalimu, maskini mpe mtaji, hayo ya akili yatajiponya. Hoja hii ina uzito na inastahili jibu la ushahidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walifanya jaribio katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, katika njia ile ile inayoteremka kwenda Mutukula. Eneo hilo lilikuwa limefiwa sana kwa UKIMWI. Nusu ya vijiji viliundiwa vikundi vya mazungumzo vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Nusu nyingine ya vijiji haikuundiwa vikundi. Mwanzoni wengi mno wa washiriki wa pande zote mbili walikuwa na sonona. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003.

Tuyasome kwa makini. Hakuna aliyegawiwa mtaji. Umaskini ulibaki pale pale na makaburi yalibaki pale pale, lakini watu waliinuka. Aidha, upande usio na vikundi nao baadhi walipona wenyewe, ila zaidi ya nusu waliendelea kuugua. Dada yangu alipewa mtaji akalala nao chini ya mto. Mtaji ni mzuri kwa mtu anayeweza kuamka.

Hapa kwetu tuna mfano wetu, tena kwenye njia ya Gatuna. Mwaka 2005, katika dayosisi ya Anglikana ya Byumba, vilianza vikundi vinavyoitwa Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye. Watu 10 hadi 15 wa mtaa mmoja hukutana mara moja kwa wiki, kama saa tatu, kwa wiki 15, wakiongozwa na wenzao waliofundishwa. Huanza kwa kujenga usalama na kuaminiana. Mambo mazito huja baadaye. Vikundi hivyo vimechunguzwa na watafiti na kuonekana kuwasaidia waliohudhuria, na vimesambaa sehemu nyingine za nchi. Zimbabwe nako, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya, na njia hiyo ikathibitishwa kwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016.

Mazungumzo na mtaalamu, ambapo mgonjwa hujifunza kuyapima mawazo yake na kurudia taratibu shughuli alizoziacha, yana nguvu ya kweli. Kwa wenye ugonjwa mkali zaidi zipo dawa. Fluoksetini na amitriptilini ni dawa za zamani, zinajulikana na bei yake si kubwa. Mambo manne kuhusu dawa hizi ni muhimu kuyajua, maana kutoyajua ndiko kunakowafanya wengi waziache.

Kwanza, hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili hadi nne, au zaidi, kuonyesha faida, na siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu, kinywa kukauka au usingizi. Mimi nilitaka kuzitupa siku ya tisa. Wiki ya nne nililala hadi asubuhi. Pili, hazileti uraibu kama ule wa diazepamu. Tatu, ukijisikia umepona usiache siku hiyo hiyo. Kwa kawaida huendelea kwa miezi sita au zaidi baada ya kupona, kisha daktari hupunguza kidogo kidogo. Nne, kwa wanaosafiri: chukua dozi ya kutosha kabla ya kuvuka mpaka na ubebe karatasi ya daktari, usije ukakatiza tiba Kabale au Ngara.

Jambo moja zaidi, ambalo halisubiri foleni. Ndugu yako akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa nafasi ya kulisema. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wala tusimfanye mhalifu. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba. Huo ni mwelekeo mzuri kwa Afrika Mashariki nzima.

Nini kifanyike

Rwanda haianzii sifuri. Sera ya afya ya akili iliandikwa mapema, nchi ikiwa bado magofu, na huduma zimeshushwa hadi hospitali za wilaya na vituo vya afya, kwa bima ya mituweli. Hilo ni jambo la kujivunia mbele ya majirani. Lakini asilimia 5.3 inatuambia kwamba kujenga mlango hakutoshi.

Kwa maoni yangu mambo matatu yanawezekana bila bajeti kubwa. La kwanza ni saa na mahali. Vikundi na wauguzi wawepo penye watu: masoko ya mpakani, Nyabugogo, vyama vya ushirika vya wavukaji, na siku ambazo si za soko. La pili ni kalenda. Aprili ni ya kumbukumbu na ibaki hivyo. Lakini elimu ya sonona isiishie Aprili, maana inapozungumzwa wakati huo peke yake, asiyekuwepo huendelea kuamini kwamba haimhusu. Tuizungumze Agosti, tuizungumze kwenye umugoroba w'umuryango, shuleni na kwenye umuganda. La tatu ni vikundi vya akiba. Mwanachama akilazwa kwa malaria humwahirishia marejesho yake. Mwenye karatasi ya daktari wa akili naye aahirishiwe vivyo hivyo, bila minong'ono.

Viongozi wa dini nao wana sehemu yao. Sala na dua ni nguzo, na kwa wengi jumuiya ndiyo inayowaweka hai. Ninachoomba ni kwamba mchungaji au shehe amalizapo kumwombea mgonjwa, amsindikize hadi kituo cha afya.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dada yangu hakuwa akificha. Hakujua kwamba anacho cha kuficha, na sisi tuliokuwa tunajua tulikuwa tukiulaumu mpaka. Nilikwenda Byumba Jumamosi ile, nikamweleza yangu ya mwaka 2016, ambayo nilikuwa sijamwambia. Alisikiliza akiwa amegeukia ukutani. Kisha akauliza: "Na wewe ulikuwa huamki?"

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa muuguzi. Alianzishiwa dawa, na mwezi uliofuata akaingia kikundi cha mtaani kwao. Haikuwa miujiza. Wiki za kwanza alikaa kimya kikundini, na mara mbili alitaka kuacha. Lakini wiki 15 zilipokwisha alikuwa akipika mwenyewe na kugombana na majirani kuhusu maji, dalili ambayo binti yake aliifurahia sana.

Siku hizi anavuka Gatuna mara moja kwa wiki, Alhamisi, pamoja na mama mmoja waliyekutana kikundini. Mzigo ni mdogo kuliko wa zamani. Deni la kikundi cha akiba limebaki kidogo.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Kigali.